Makala Mbili, Majibu Sita: Mchango wa Kyela Unavyohesabiwa katika Sayansi

Desemba 2015 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala kuhusu samaki wa Ziwa Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba. Ni ziwa dogo la volkeno lenye upana wa mita 700 hivi, lililoko Rungwe, kwenye miinuko iliyo juu ya tambarare ya Wilaya ya Kyela. Watafiti walisoma jenomu za samaki 146 na kuonyesha kwamba jamii moja ya samaki imeanza kugawanyika kuwa mbili, moja ikikaa karibu na ufuko na nyingine ikikaa kilindini. Walibaini maeneo 98 ya jenomu ambako jamii hizo mbili zimeachana waziwazi. Makala ina waandishi kumi. Aliyetoka taasisi ya Tanzania ni mmoja, Benjamin P. Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI), na jina lake ni la sita.

Mwaka uliofuata jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika Kyela kwenyewe. Ulitumia takwimu na sampuli za damu zilizokusanywa kati ya 2006 na 2011, ukiwahusu watu 1,055 ambao hawakuwa na Virusi vya Ukimwi (VVU) mwanzoni. Lengo lilikuwa kujua kama minyoo inayosababisha matende na mabusha humwongezea mtu hatari ya kuambukizwa VVU. Miongoni mwa wenye minyoo, maambukizi mapya yalikuwa 1.91 kwa kila watu 100 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Miongoni mwa wasio na minyoo yalikuwa 0.80. Tofauti hiyo ni ya zaidi ya mara mbili. Makala ina waandishi tisa, na Watanzania ni watatu: L. Maganga wa tatu, W. H. Makunde wa nne na L. Maboko wa nane.

Sasa tuulize swali la hesabu. Makala hizi mbili zimeiandikia Tanzania sifa kiasi gani katika daftari la sayansi? Jibu ni 2. Au 0.43. Au 0.42. Au 0.31. Au 0.21. Au sifuri. Yote sita ni sahihi, kwa sababu kila moja linatokana na njia ya kuhesabu inayojulikana na wataalamu wa takwimu za machapisho. Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, iliko Kyela, umeipa dunia samaki, damu na maarifa kwa zaidi ya karne moja. Ni haki kwa watu wake kujua daftari hilo linaandikwaje.

Njia sita za kugawa sifa

Njia ya kwanza ni hesabu kamili. Kila mwandishi anapewa 1, hata wakiwa kumi au mia. Nchi yenye angalau mwandishi mmoja nayo inapewa 1. Kwa njia hii Tanzania ina 2 kutokana na makala zetu. Ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayotumika kwenye wasifu wa watafiti wengi. Kasoro yake ni kuzalisha sifa kuliko kazi iliyofanyika: makala moja ya waandishi kumi inahesabiwa mara kumi.

Njia ya pili ni mgawo sawa. Makala ni 1 na waandishi wanagawana sawasawa. Mtu mmoja kati ya kumi anapata 0.10, na watatu kati ya tisa wanapata 0.33. Jumla ya Tanzania ni 0.43. Orodha ya vyuo vikuu inayotolewa na Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, hutumia aina ya mgawo huu, na faharasa ya Nature Index hutoa takwimu mbili kando kwa kando: idadi kamili ya makala, na sehemu inayoiangukia taasisi baada ya kugawanya.

Njia ya tatu hushuka kwa ngazi zilizo sawa. Kwenye makala ya watu kumi, wa kwanza ana mafungu 10, wa pili 9, hadi wa mwisho mwenye fungu 1. Mafungu yote ni 55. Wa sita ana 5, yaani 0.09. Kwenye makala ya The Lancet, Watanzania watatu wana mafungu 7, 6 na 2 kati ya 45, yaani 0.33. Jumla ni 0.42.

Njia ya nne hushuka kwa kasi zaidi. Wa pili anapata nusu ya wa kwanza, wa tatu theluthi yake, wa nne robo yake, na kuendelea. Hapa wa sita kati ya kumi anabaki na 0.057, na watatu wa The Lancet wanapata 0.25 kwa pamoja. Jumla ni 0.31.

Njia ya tano ni kali: kila mtu anapata nusu ya aliyemtangulia. Wa sita kati ya kumi anaambulia chini ya 0.02. Jumla ya Tanzania ni 0.21.

Njia ya sita humtambua mwandishi wa kwanza peke yake. Wengine wote ni sifuri. Makala ya Masoko na ya Kyela zote mbili zinaongozwa na majina ya Ulaya, hivyo Tanzania inapata 0.

Zipo pia taasisi zinazompa uzito mwandishi wa kwanza pamoja na wa mwisho, kwa kuwa katika tiba na baiolojia nafasi ya mwisho hukaliwa na kiongozi wa maabara au mwenye ruzuku. Kwa kipimo hicho nako Watanzania wetu wanne hawapati kitu, kwani wote wako katikati.

Tofauti hiyo ikipimwa kwa shilingi

Namba za desimali zinaweza kuonekana za mbali, kwa hiyo tuzipime kwa fedha. Katika mwaka wa fedha 2022/23 Serikali ya Tanzania ilitenga shilingi bilioni 1 kuwatuza watafiti wanaochapisha katika majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, tuzo ya shilingi milioni 50 kwa makala moja yenye waandishi kumi, tumwangalie mwandishi wa sita:

Hesabu kamili: milioni 50 (na tuzo ya jumla inafika milioni 500).
Mgawo sawa: milioni 5.
Ngazi zilizo sawa: milioni 4.5.
Nusu, theluthi, robo: milioni 2.8.
Nusu ya aliyetangulia: shilingi 782,000.
Mwandishi wa kwanza pekee: 0.

Mtu ni yuleyule na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni kanuni iliyochaguliwa na aliyeshika kikokotoo. Ndiyo maana taasisi yoyote inayotangaza tuzo, cheo au ruzuku kwa kigezo cha machapisho inapaswa kuiandika kanuni yake wazi kabla ya kupokea maombi. Mtafiti akijua kanuni mapema, anajua pia anachokubali anapopangwa nafasi ya sita.

Ukubwa wa makundi unazidi kuifanya kazi hii ngumu. Mwaka 2015 jarida la Physical Review Letters lilichapisha makala ya pamoja ya miradi ya ATLAS na CMS kuhusu uzito wa chembe ya Higgs. Ilikuwa na waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, kurasa 24 zilikuwa za majina na taasisi zao. Kwa mgawo sawa, kila mmoja anapata chini ya 0.0002. Kwa hesabu kamili, makala hiyo moja inagawa pointi 5,154. Kipimo kinachoweza kutoa majibu hayo mawili kwa kazi moja hakifai kuachiwa kuamua peke yake hatima ya mtu.

Marejeo: nani anakutaja, na nani anaona umetajwa

Baada ya kugawa makala, huja kuhesabu marejeo, yaani mara ngapi watafiti wengine wameitaja kazi hiyo. Mtindo huu ulipata nguvu Eugene Garfield wa Marekani alipoanzisha faharasa ya marejeo ya sayansi katika miaka ya 1960. Mwaka 2004 zilianza Scopus na Google Scholar. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza kipimo cha h, ambacho leo kinatajwa karibu kila mahali mtafiti anapoomba kazi.

Kipimo cha h kinakwenda hivi. Panga makala zako kuanzia iliyotajwa zaidi. Tuseme zimetajwa mara 40, 12, 6, 4 na 1. Makala ya nne imetajwa mara 4, lakini ya tano haikufika mara 5. Kwa hiyo h yako ni 4. Angalia kilichopotea: yale marejeo 40 ya makala ya kwanza hayakuongeza kitu kuliko yangekuwa 4. Na kipimo hakiulizi kama makala hizo uliziandika peke yako au ulikuwa jina la 30 katika orodha ya majina 60.

Kuna tatizo lingine linalotugusa moja kwa moja. Rejeo huhesabiwa tu pale kanzidata inapoliona. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ripoti za kituo cha TAFIRI Kyela, taarifa za kilimo cha mpunga na kakao zinazowasaidia maofisa ugani: sehemu kubwa ya kazi za aina hii haimo kwenye kanzidata kubwa za kulipia. African Journals OnLine, iliyoanza mwaka 1998, imesaidia majarida ya Afrika kuonekana mtandaoni. Lakini kuonekana mtandaoni na kuingizwa kwenye hesabu ni mambo mawili. Mtaalamu wa mpunga wa Kyela anaweza kubadili mavuno ya kata nzima na h yake isisogee hata hatua moja.

Majina nayo huchanganywa. Majina mengi ya ukoo ya Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, huanza na Mwa-, na kanzidata nyingi huhifadhi herufi ya kwanza tu ya jina la mtu. Watu wawili wanaoitwa A. Mwakyusa, mmoja daktari na mwingine mtaalamu wa udongo, huunganishwa kuwa mtu mmoja, au mtu mmoja akagawanywa mara mbili kwa sababu jina lake lilikosewa herufi. Dawa yake ipo tangu 2012: namba ya ORCID yenye tarakimu 16, ambayo mtafiti anajisajili bure na kuitumia maisha yake yote. Mhitimu yeyote anayeanza utafiti asingoje kupewa na mtu.

Kukwama katikati

Je, nafasi ya sita na ya nane ni bahati mbaya ya makala mbili tu? Mwaka 2019 jarida la BMJ Global Health lilichapisha mapitio ya tafiti za afya za ushirikiano zilizofanyika Afrika na kuchapishwa kati ya 2014 na 2016. Makala zilikuwa 7,100 na waandishi 43,429. Asilimia 54 ya waandishi wote, na asilimia 52.9 ya waandishi wa kwanza, walitoka nchi ambako utafiti ulifanyika. Lakini mshirika alipotoka katika vyuo vikuu vya juu vya Marekani, waandishi wa nchini walishuka hadi asilimia 41.3, na waandishi wa kwanza hadi asilimia 23.

Maana yake ni hii: washirika wanapotoka vyuo vyenye majina makubwa, mwenyeji husukumwa kutoka mbele kwenda katikati. Kisha kanuni za kuhesabu hukamilisha kazi. Mtu wa katikati anapata kidogo kwa njia ya nne na ya tano, na hapati chochote kwa njia ya sita. Ruzuku inayofuata huenda kwa mwenye pointi nyingi, naye huwa kiongozi tena.

Lazima tuwe waadilifu hapa pia. Aliyebuni swali, akatafuta fedha, akachambua jenomu 146 au akaandika rasimu ya kwanza anastahili kutangulia. Hakuna anayedai mwandishi wa kwanza apangwe kwa uraia wake. Hoja ni kwamba nafasi za kubuni swali na kuandika rasimu zenyewe hugawanywa mapema, mara nyingi kabla mtafiti wa Kyela au Mbeya hajaalikwa.

Sifuri ya Leonard Mwaisumo

Kanuni zote sita zina jambo moja linalofanana: zinagawa sifa kati ya majina yaliyoandikwa tu. Aliye nje ya orodha anapata sifuri kwa kila njia.

Kati ya 1934 na 1938 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, katika Wilaya ya Rungwe ambayo wakati huo ilijumuisha Kyela. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akatoa vitabu vinne kuhusu jamii hiyo, mwaka 1951, 1957, 1959 na 1977, na vikawa miongoni mwa kazi zinazotajwa sana katika anthropolojia ya Afrika. Jina la mwandishi ni moja.

Nyuma ya kazi hiyo alikuwepo Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki 1938, aliyefanya kazi na akina Wilson kama karani wa utafiti. Hesabu yake kama mwandishi katika vitabu vile ni 0 kati ya 4. Mwaka 2013 kilichapishwa kitabu cha wanahistoria kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake, chenye sura nzima inayomhusu Mwaisumo, iliyoandikwa na Sekibakiba Lekgoathi, Timothy Mwakasekele na Andrew Bank. Kutoka kifo chake hadi sura hiyo ni miaka 75.

Historia ya samaki nayo iko hivyo. Daktari wa Kijerumani Friedrich Fülleborn alikusanya viumbe wa Ziwa Nyasa wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1926 Ernst Ahl akaeleza samaki mmoja wa ziwa hili kwa jina la Labeotropheus fuelleborni. Jina la Fülleborn limo katika kila makala inayomtaja samaki huyo, na la Ahl hufuata baada yake. Wavuvi wa mwambao, waliomjua samaki huyo kabla ya meli yoyote ya Kijerumani kuelea ziwani, hawamo.

Gharama ya kurekebisha ni ndogo

Kuchapisha bila kizuizi cha msomaji kulipia kunaweza kuwa ghali mno: mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya yuro 9,500 kwa makala moja. Kuandika haki ya mchango, kinyume chake, hakugharimu kitu. Zana zipo tayari.

Ya kwanza ni masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Mwandishi ni yule aliyechangia kwa uzito katika kubuni utafiti au kukusanya, kuchambua na kufasiri takwimu. Aliyeshiriki kuandika au kuhariri kwa kina. Aliyeidhinisha nakala ya mwisho. Na anayekubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kukusanya sampuli pekee hakutoshi. Lakini masharti hayohayo yanasema kila aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika yanayofuata. Kumtumia mtu kukusanya takwimu kisha kutomtumia rasimu, halafu kusema hakuandika, ni kuvunja kanuni.

Ya pili ni orodha ya CRediT yenye majukumu 14, ambayo mwaka 2022 ilifanywa kiwango rasmi nchini Marekani. Badala ya kukisia maana ya nafasi ya sita, makala inaeleza wazi: fulani alibuni, fulani alikusanya takwimu, fulani alichambua, fulani aliandika. Kwa mtafiti wa katikati, mstari huo mmoja una thamani kuliko desimali zote.

Ya tatu ni maazimio ya kimataifa. Tamko la San Francisco, lililoanza mwaka 2012, linakataa kumpima mtafiti kwa jarida alilochapisha. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 ina kanuni kumi, na mojawapo inataka utafiti bora wenye manufaa kwa wenyeji ulindwe. Mwaka 2022, mkutano wa dunia wa maadili ya utafiti uliofanyika Cape Town ulizungumzia waziwazi usawa kati ya washirika wa nchi tajiri na maskini.

Kwa hiyo ombi letu linakwenda kwa wahusika wanne. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), inayotoa vibali vya utafiti, iombe mpango wa uandishi ulioandikwa pamoja na maombi ya kibali, ukionyesha nani atafanya nini na nani anatarajiwa kuongoza makala ipi. Vyuo vikuu vinapopandisha vyeo vitoe takwimu mbili, idadi kamili na mgawo, pamoja na maelezo ya majukumu, na vizipe kazi za Kiswahili na ripoti za maofisa ugani nafasi katika tathmini. Washirika wa nje wanaokuja Matema, Itungi au Ipinda, wilayani Kyela, waje na swali ambalo bado linaweza kubadilishwa na wenyeji, na watenge angalau makala moja itakayoongozwa na mtafiti wa hapa, wakimpa fedha na muda wa kuichambua.

Wa nne ni wewe, kijana wa Kyela unayebeba chupa za sampuli, unayetafsiri dodoso kwa Kinyakyusa au unayeingiza takwimu usiku. Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, uliza kwa heshima: makala itakapoandikwa, nitashiriki wapi? Omba jibu kwa maandishi, na uandike kazi yako kila siku, tarehe kwa tarehe. Hakuna kanuni kati ya zile sita inayoweza kumpa chochote mtu ambaye jina lake halikuandikwa.